Daftari la Baba na Muhuri Uliolala kwenye Mpunga

Mwishoni mwa Agosti 2025, mwandishi wa makala haya alikuwa ameketi nje ya duka moja pale Idodi akisubiri Hiace ya kwenda Iringa mjini. Kijana aliyekaa pembeni yake alikuwa anasoma habari kwenye simu kwa sauti, kama watu wafanyavyo kijijini, ili kila aliye karibu afaidike. Msajili wa Vyama vya Siasa ametengua uteuzi wa Luhaga Mpina kuwa mgombea urais wa ACT-Wazalendo. Wazee waliokuwepo walidhani malalamiko yametoka kwa wapinzani wake. Hapana. Yalitoka ndani ya chama chenyewe, kwa kiongozi mmoja wa mkoa wa Dar es Salaam. Alisema Mpina alihamia kutoka CCM tarehe 5 Agosti na mkutano mkuu ukampitisha siku iliyofuata, ilhali kanuni za chama zinamtaka mgombea awe amekwisha kuwa mwanachama kwa muda fulani.

"Kwa hiyo, Mwalimu, ugomvi wote huu ni tarehe ya kwenye kadi?" kijana akamuuliza mwandishi.

Ndiyo, ni tarehe ya kwenye kadi. ACT-Wazalendo ni chama ambacho mwaka 2015 kilitoa Azimio la Tabora kikiahidi kuhuisha Azimio la Arusha. Kinajinadi kuwa cha kijamaa, na vijana wake wanaweza kukueleza habari za hifadhi ya jamii kwa wakulima mpaka ukasinzia. Pamoja na mawazo yote hayo, siku ya vita ilipofika, silaha iliyotumika ilikuwa siku aliyojiandikisha mtu. Kijana wa Idodi aliona ajabu. Mwandishi hakuona ajabu, kwa sababu alilelewa katika nyumba yenye sanduku la bati, na ndani ya sanduku hilo mlikuwa na daftari na muhuri.

Baba yake alikuwa katibu wa tawi la TANU. Siku hizo Idodi ilikuwa kijiji cha mpunga na vumbi, tembo wakiingia mashambani kutoka upande wa Ruaha (mbuga ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, lakini tembo hawakusomewa tangazo), na safari ya Iringa ilikuwa ya lori. Baba hakuwa msemaji. Akisimama mkutanoni alikohoa kuliko alivyonena. Lakini daftari lile alilijua kama mchungaji anavyojua kundi lake: nani amelipa ada, nani amehamia Pawaga, mjane wa nani bado anaitwa kwa jina la marehemu. Jioni mtu alikuja, akapiga hodi, akasalimu "kamwene", akakaa kimya kidogo kama adabu inavyotaka, kisha akaeleza kuwa anahitaji barua. Baba alitoa muhuri, akaupulizia pumzi kama wino umekauka, akagonga. Mtoto aliyekuwa anatazama aliamini kwamba serikali yote inakaa ndani ya kile kipande cha mpira.

Ulipofika uchaguzi wa viongozi wa tawi, mzee mmoja aliyesifika kwa ufasaha alisimama kushindana na mtu wa kimya kama Baba, mtunza vitabu wa ushirika. Fasaha alizungumza juu ya ubeberu kwa muda mrefu na alizungumza vizuri. Yule mwingine alisema anawajua wote waliopo, akaanza kuwataja mmoja mmoja, kwa majina ya baba zao na vitongoji vyao. Akashinda. Mwandishi amelifikiria tukio hilo mara nyingi kwa sababu linamzuia kusema kwamba anayeshika daftari siku zote ni mjanja. Wakati mwingine ndiye pekee anayewajua watu.

Oktoba 1968 redio ilitangaza kwamba Halmashauri Kuu ya TANU imewafukuza uanachama Oscar Kambona, aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama na ambaye mwaka uliotangulia alikwishakimbilia London, pamoja na wabunge kadhaa. Miongoni mwao walikuwa Joseph Kasella-Bantu, Eli Anangisye wa Rungwe na Chogga wa Iringa Kusini. Jina la Chogga ndilo lililowanyamazisha watu Idodi. Kambona alikuwa mtu wa magazeti, lakini huyu alikuwa mtu wa mkoa. Chini ya katiba ya chama kimoja ya mwaka 1965, aliyepoteza kadi alipoteza na kiti cha Bunge. Wapiga kura waliomtuma hawakuulizwa tena. Uamuzi wa kikao ulitosha kufuta kura zao.

Mtoto wa miaka minane hakuelewa hayo. Alichokiona ni Baba akizima redio ili asimalize betri, akivuta sanduku kutoka uvunguni, akifungua daftari na kutafuta ukurasa. Alikuwa anatafuta jina lake mwenyewe. Alipoliona, alifunga.

Wasomi wameandika sana juu ya kilichomtenga Kambona na Mwalimu Nyerere, kama ni Azimio la Arusha la Februari 1967, masharti ya uongozi, tamaa ya madaraka, au vyote. Hoja ya itikadi ilikuwepo kweli. Bibi Titi Mohamed, kiongozi mwingine wa TANU, naye alikuwa na nyumba za kupangisha, na masharti yale, yaliyowakataza viongozi kupangisha nyumba, yalimgusa mfukoni. Lakini ukishaondoa hoja, kinabaki kikao chenye uwezo wa kumfanya mtu asiwe mwanachama, na uwezo huo ulitumika kabla mwanachama wa kawaida hajasikia upande wa pili. Miaka mingi baadaye, mwandishi akiwa chuo cha ualimu, alisoma kwamba mwaka 1922 wakomunisti wa Urusi walimkabidhi Stalin ukatibu mkuu, kazi ambayo wenzake wenye majina makubwa waliiona ya makaratasi. Mwaka 1927 Trotsky, aliyekuwa msemaji hodari kuliko wote, alifukuzwa chamani. Darasa zima lilijadili tofauti zao juu ya mapinduzi ya dunia. Mwandishi alikuwa anawaza sanduku la bati.

Krismasi ya 1971 ilileta habari za Ismani. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipigwa risasi shambani Mkungugu na mkulima Said Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa kunyongwa. Watu hulieleza tukio hilo kama habari ya ardhi na vijiji vya ujamaa, na ni kweli. Hapa linatajwa kwa jambo jingine. Kwa utaratibu wa wakati ule, mkuu wa mkoa alikuwa pia katibu wa TANU wa mkoa. Mtu aliyeteuliwa na Rais ndiye aliyekuwa mtendaji mkuu wa chama cha wakulima, na hakuna tawi hata moja la Ismani lililompigia kura. Mwezi Februari mwaka huohuo TANU ilikuwa imetoa Mwongozo uliokemea viongozi wenye kibri na dharau. Maandishi yalikuwa mazuri. Njia ya kumwondoa kiongozi wa namna hiyo kwa kura ya tawi haikuwemo. Hilo halimfanyi Mwamwindi shujaa, na wanaomwimba hivyo siku hizi wangekuwa waangalifu zaidi kama wangekuwa wameona nyuso za watu wazima Iringa wiki ile.

Miezi mitano baadaye, Mei 1972, Halmashauri Kuu ikakutana Iringa na kutoa "Siasa ni Kilimo". Baba alirudi kutoka mjini na kijitabu chake. Alikisoma chote, akasema kimeandikwa vizuri, akaenda shambani.

Kisha ukaja mwaka 1977. Tarehe 5 Februari TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa CCM, na ikabidi majina ya daftari la zamani yahamishiwe kwenye jipya. Mwandishi, kijana wa sekondari mwenye mwandiko safi, alipewa kazi ya kunakili wakati wa likizo. Alianza kwa bidii. Kufikia ukurasa wa tano alichoka, na akagundua kitu ambacho hajawahi kukieleza mpaka leo: anayenakili daftari anaweza kumsahau mtu. Kulikuwa na mzee aliyewahi kumchapa kwa kuingiza mbuzi shambani kwake. Kalamu ikasita juu ya jina lake. Akaliandika, lakini alikuwa amesita. Baba, aliyekuwa anatengeneza jembe mlangoni, hakuinua kichwa. "Wote, mwanangu," alisema. "Hata yule."

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Arusha. Sasa kiongozi angeweza kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kupokea mishahara miwili. Huenda uchumi ulilazimisha. Wapo wanaouelezea uamuzi huo kwa mantiki safi. Baba, mzee tayari, aliuliza swali moja tu, na hakuuliza juu ya hisa wala nyumba. Aliuliza ni tawi lipi lililoombwa maoni.

Swali lake lilirudi Machi 1997 kwa sauti kubwa zaidi. Horace Kolimba, mbunge wa Ludewa na Katibu Mkuu wa CCM kabla ya hapo, alisema hadharani kwamba chama chake kimepoteza dira. Aliitwa Dodoma kujieleza mbele ya vikao. Tarehe 13 Machi, akiwa huko kujieleza, alizidiwa ghafla, akafariki siku hiyohiyo. Mwandishi wakati huo alikuwa akifundisha mkoani Mbeya, na katika chumba cha walimu uvumi ulikuwa mwingi kuliko chaki. Uvumi hauna nafasi hapa. Kinachokumbukwa ni mwalimu mmoja wa hisabati aliyesema kwamba kwa miaka mitano mtu huyu ndiye aliyekuwa anawaita wengine kujieleza.

Kama kuna mwanasiasa aliyeonja pande zote mbili za vikao vya namna hiyo, ni Maalim Seif Sharif Hamad wa Zanzibar. Januari 1984, Rais wa Zanzibar Aboud Jumbe alipolazimika kujiuzulu mbele ya Halmashauri Kuu kwa sababu ya madai ya muundo wa Muungano, Seif alikuwa upande wa walioshinda, na mwezi uliofuata akawa Waziri Kiongozi. Mei 1988 chama hichohicho kikamfukuza yeye na wenzake sita. Akashiriki kuunda CUF, chama kilichojiita cha kiliberali, siyo cha kijamaa, lakini magonjwa ya vikao hayachagui itikadi. Mapema mwaka 2012 CUF chini ya ukatibu wake ilimvua uanachama Hamad Rashid Mohamed, aliyetaka nafasi hiyohiyo ya ukatibu mkuu. Kisha Profesa Ibrahim Lipumba, aliyejiuzulu uenyekiti Agosti 2015 kwa kupinga Edward Lowassa kupeperusha bendera ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, akaandika barua mwaka uliofuata kwamba amebatilisha kujiuzulu kwake. Septemba 2016 Msajili akamtambua. Chama kikawa na pande mbili na mwenyekiti mmoja wa makaratasi. Ofisi za Buguruni, akaunti za benki na ruzuku vikawa kesi mahakamani.

Machi 2019 Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi uliompendelea Lipumba, Seif hakukata rufaa. Alihama siku hiyohiyo na kuingia ACT-Wazalendo. "Shusha tanga, pandisha tanga," walisema wenyewe, na Zanzibar mabango yakapakwa rangi nyingine. Mzee wa miaka 75 alikuwa amejifunza kwamba muhuri ukishapotea, usiupiganie; chukua watu uende nao. Alifariki Februari 2021 akiwa mwenyekiti wa chama kile kipya na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar.

Sasa ije zamu ya mwandishi mwenyewe, ambayo haina heshima kubwa.

Alipostaafu na kurudi Idodi alijiunga na chama kimoja cha upinzani. Jina lake haliandikwi, maana kosa lilikuwa la watu wachache wa kata moja, mmoja wao ni huyu anayeandika. Alikipenda kwa sababu viongozi wake walisema maneno aliyoyasikia utotoni: utu, usawa, mkulima kumiliki jasho lake. Wakamfanya katibu wa kata. Akapewa daftari la kurasa 96 na muhuri mpya wenye mpini wa plastiki. Alijisikia mtoto tena.

Mwaka wa uchaguzi wa ndani, makundi mawili yakazaliwa. Moja lilisema mwenyekiti wa kata amepoteza itikadi. La pili lilisema wanaomsema ni mamluki waliotumwa. Vikao vikawa vya hoja za utaratibu na hesabu ya akidi. Watu ambao kwa miaka mingi walikopeshana mbegu za mpunga wakaanza kuitana wasaliti mbele ya watoto wao. Ukisikiliza kwa mbali ungedhani wanabishania ujamaa. Kwa karibu, ubishi ulikuwa juu ya nafasi moja ya mjumbe wa mkutano mkuu, yenye nauli ya Dar es Salaam, posho ya siku kadhaa, na kwa akina mama, matumaini ya kuonekana na wanaopanga orodha ya viti maalumu. Si tamaa ya kuchekwa. Kwa mtu ambaye shamba lake limepitiwa na tembo, nauli na posho ni msimu mzima.

Mwandishi alikuwa upande wa wanaopinga, na mpaka leo anaamini walikuwa na haki. Lakini alipoona kura zinawakimbia, alifanya jambo ambalo baba yake asingelifanya. Aliuficha muhuri. Aliufunga kwenye mfuko wa nailoni, akauzamisha ndani ya gunia la mpunga, na kwa siku kumi na moja akawaambia watu kwamba umepelekwa wilayani kukaguliwa. Bila muhuri hapakuwa na fomu halali, bila fomu hapakuwa na mgombea. Kundi lake lilipata muda wa kuandikisha jamaa zao wa Tungamalenga na Mapogoro, wakashinda kwa kura chache.

Usiku mmoja kati ya hizo kumi na moja, mwenyekiti mwenyewe alikuja. Alipiga hodi, akasalimu kwa Kihehe, akakaa juu ya gunia lilelile kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine. Waliongea habari za mvua. Alipoinuka kuondoka alisema, "Mwalimu, kama mnataka niondoke, mngeniambia tu." Hakuwa na hasira. Mwandishi angependa angekuwa na hasira.

Kikao cha kwanza baada ya ushindi walikuja watu saba, watatu wa familia moja. Wengine hawakuhamia chama kingine, waliacha tu. Daftari bado liliwaonyesha kama wanachama hai, na ripoti iliyopelekwa juu iliwahesabu wote, kwa mwandiko safi uleule wa mwaka 1977.

Kwa hiyo anapozungumzia ACT-Wazalendo, mwandishi hajioni msafi. Anayo sababu ya kukisifu: Machi 2024 Zitto Kabwe, ambaye CHADEMA ilimvua uanachama Machi 2015 baada ya ugomvi mrefu ulioanzia kwenye waraka wa siri wa mageuzi, aliachia nafasi ya Kiongozi wa Chama kwa ukomo wa uongozi ambao chama chake kilijiwekea, na Dorothy Semu akachukua. Othman Masoud akawa mwenyekiti. Hakuna aliyekimbilia mahakamani. Katika siasa zetu hilo ni jambo adimu. CHADEMA yenyewe ilisubiri hadi Januari 2025, Freeman Mbowe akiwa amekaa uenyekiti tangu 2004, ndipo Tundu Lissu akamshinda kwa kura 513 dhidi ya 482.

Mwaka mmoja na nusu baada ya makabidhiano ya Zitto na Semu, chama kilichoandika ukomo wa uongozi kikajikuta hakina mgombea urais wa Muungano. Mahakama Kuu ilimrudisha Mpina tarehe 11 Septemba, Tume ya Uchaguzi ikamwondoa tena siku nne baadaye kufuatia pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kuna wanaosema dola ilitafuta sababu tu, na huenda ingeipata popote. Hata hivyo sababu hii ilitengenezwa nyumbani. Mkutano mkuu ulikuwa na haki ya kumtaka mtu maarufu aliyetoka CCM. Kanuni zake wenyewe zilikuwa na haki ya kuheshimiwa au kubadilishwa mapema, mchana, kwa kura. Kilichofanyika ni kuziruka kwa haraka na kutumaini hakuna atakayefungua daftari. Alifungua mtu wa ndani. Kumwita msaliti ni rahisi, na mwandishi anajua jinsi neno hilo linavyotoka kinywani kabla hujafikiri.

Msomaji mwenye kadi ya chama chochote, cha kulia au cha kushoto, unaombwa jambo moja. Wiki hii, kabla ya msimu wa makundi kuanza, nenda ofisi ya tawi lako uombe kuonyeshwa daftari la wanachama. Tafuta jina lako na tarehe yake. Kisha tafuta jina la yule usiyempenda. Ukikuta halipo, uliza kwa nini, kwa sauti, mbele ya watu.

Muhuri wa kata ile sasa uko kwa katibu mwingine, mama mmoja wa Mahuninga. Mwandishi alipomkabidhi, punje mbili za mpunga zilidondoka kutoka kwenye ufa wa mpini.